Bukavu Si Safari

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Viza imetoka! Imetoka, imetoka, imetoka!

Habumugisha, anayenijazia fomu, amenipigia nikiwa darajani, mfuko wa mchele kichwani. Nimemwambia rudia. Amerudia. Nimemwambia rudia tena, akacheka. Askari wa darajani akaniuliza Maman, umefiwa? Kumbe nalia mbele za watu. Nikamjibu hapana, nimepata mtoto. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili — mwanamke wa miaka hamsini na mitano! — akanipisha.

Nchi yenyewe siitaji humu. Mara mbili nilishaandika jina lake kwenye daftari, na mara mbili walinikatalia. Nitaiita Kule. Mudathiru, fundi cherehani jirani yangu, alinionyesha kwenye simu yake: iko mwisho kabisa wa ramani, pembeni kabisa. Ukiteleza kidogo unaanguka. Huko ndiko aliko mtoto wangu.

Naandika jinsi ilivyokuwa, mara moja tu, nisirudie tena. Mwezi wa kumi, 1996, tulikuwa tunakaa Bukavu, Bagira. Asubuhi nilivuka daraja kuja huku Kamembe kutafuta mchele wa kuuza. Ningerudi mchana. Elikia alikuwa na miaka minne, anakula mkate na baba yake, hata hakuinua kichwa. Mchana risasi zikaanza ng'ambo, daraja likafungwa. Balagizi, mume wangu, akambeba mtoto, wakafuata watu njia ya Walungu, halafu msitu wa Shabunda. Huko homa ikamuua Balagizi. Mtoto akachukuliwa na mke na mume wa kanisa — wakafika Kindu, baadaye Zambia, kambini, miaka na miaka, halafu Kule. Mimi nimebaki hapa Kamembe nikiitazama milima ya Bukavu, na watu wote wananiita Maman Elikia. Elikia mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

Tulipatana tena kwenye Facebook, sasa ni miaka tisa. Nyuma ya jina lake alikuwa ameandika jina la baba na neno Bagira. Kwa simu namjua — anavyokohoa, anavyocheka puani kama Balagizi. Sijamgusa. Miaka ishirini na minane sijamgusa.

Sasa ana mimba, ya kwanza. Mwezi wa tano aliniuliza, kwa sauti ndogo: "Maman, utakuja kunikanda?" Nilikuwa sijui kama anajua hilo neno. Aliyemlea ndiye aliyemwambia, kabla hajafa: binti akizaa mara ya kwanza, mama yake ndiye anakuja na maji ya moto. Mungu amrehemu mwanamke yule. Siku nyingine namwonea wivu mpaka nakosa usingizi.

Viza inasema lazima niingie kabla ya tarehe 20 Septemba. Nitaingia!


Jumatano, 7 Agosti

Biro ya Habumugisha, kiofisi nyuma ya soko. Kompyuta mbili, printa moja, kalenda ya mwaka jana. Anavaa tai hata jua likiwaka. Anawajazia watu fomu za kila aina, na kila akimaliza anapiga kitufe kwa kidole kimoja, pa! — kama mpiga ngoma.

Amesema kuna fomu nyingine tena. Ya kufikia. Bila hiyo hawakushushi kwenye ndege. Nimemwambia, si nina viza? Akanijibu viza ni ya kuomba mlango, hii ni ya kubisha hodi. Sawa, Bwana Tai.

Ameifungua. Ina bendera ya Kule, ina tai mwingine — yule ndege — na saa inayohesabu kurudi nyuma, eti harakisha. Akaniuliza, nikajibu. Jina. Kazi: biashara ya mchele. Nani anakupokea: binti yangu. Nilimwambia aandike binti yangu kwa herufi kubwa, akasema haiwezekani.

Akauliza kama wiki tatu hizi nimefika nchi nyingine. Nikamwambia mimi sijawahi kusafiri maisha yangu. Akaandika néant, yaani hakuna. Pa!

Karatasi imetoka ina muhuri wa bluu. "Usiogope, Maman Elikia, iko officiel," amesema, "ona kachet, ona na bendera." Nimeiweka ndani ya Biblia.


Jumamosi, 10 Agosti

Bugarama jana, joto la kutoa roho, mchele mpya mzuri. Leo nimevuka nao mpaka Nguba, Bukavu, kwa Maman Muderhwa. Yeye ndiye mnunuzi wangu tangu zamani, na ndiye kama ndugu pekee niliyebaki naye ng'ambo ile. Amecheza katikati ya duka aliposikia habari ya viza! Mwili mzima ule, vikopo vikatikisika.

Mjukuu wake Bashige, miaka mitatu, amekwea mapajani mwangu kama kawaida yake. Ananiita Mama Mchele. Nikiwa na huyu mtoto mapajani namfikiria mwingine. Sijui kama ni dhambi.

Maman Muderhwa ameahidi kunitafutia majani ya kukandia, yale ya kwetu, si haya ya sokoni. Nirudi kuyachukua kabla sijaondoka.


Jumatano, 14 Agosti

Elikia kwenye video. Amesimama ubavu nione tumbo. Limeshuka! Nimemwambia hilo halitangoja mwisho wa mwezi wa tisa, akasema daktari anajua, nikamwambia daktari hajazaa. Akacheka puani. Mumewe Mirindi akapita nyuma amebeba kitanda cha mtoto kichwani, kijana mrefu, mpole, wa watu wa Uvira lakini amekulia kambini Zambia kama yeye. Ananisalimu huku ameinama kama niko pale pale chumbani.

Aliponiaga Elikia ameleta kiganja karibu na simu. Mimi nikaweka changu. Kioo cha simu kilikuwa na joto — betri hiyo, najua, si mjinga. Lakini nilikiacha pale.

Redio inasema ule ugonjwa wa vipele umekuwa wa dunia nzima sasa. Darajani wamerudisha ndoo za kunawia.


Ijumaa, 16 Agosti

Hasira!

Elikia aliniomba nimtumie picha ya ile fomu ya kufikia. Nikamtumia. Akapiga simu. Hiyo si ya serikali, amesema. Ni ya watu fulani tu wamejitengenezea mlango wao kwenye mtandao, wanaweka bendera, wanachukua pesa za watu. Fomu ya kweli ni ya bure. Na haifunguki mapema hivi — siku tatu kabla ya ndege ndipo inafunguka. Karatasi yangu ya muhuri wa bluu haijafika popote!

Nimekwenda biro na kilemba mkononi. Habumugisha kwanza alibisha. Halafu akafungua kompyuta, akasoma, akasoma, akalegeza tai. Akasema taratibu: "Maman, banatudanganya siye wote. Bantu wangapi nimepitisha pale..." Alianza kuwataja mmoja mmoja — mwalimu wa Gihundwe, mjane wa Muganza anayekwenda kwa mwanawe Ubelgiji. Alikuwa na uso wa mtu aliyepoteza nyumba. Nilikuja kumtukana, nikajikuta namwambia keti, kunywa maji.

Elikia ataijaza mwenyewe akiwa Kule. Ndege ni Alhamisi tarehe 29. Kwa hiyo Jumatatu tarehe 26.


Jumapili, 18 Agosti

Misa. Sikusikia chochote, nilikuwa nafunga begi kichwani. Mudathiru amenishonea mkaja wa kumfunga tumbo Elikia, kitenge cha njano, ameupima kwa tumbo la mke wake. Hakutaka malipo. Nimeupiga picha nikamtumia Elikia. Amesema atatuombea Ijumaa msikitini. Naona nimekingwa pande zote, Waislamu na Wakristo.


Jumamosi, 24 Agosti

Nimevuka kuaga.

Maman Muderhwa amepata majani, na ubani, na mtama wa uji. Kila kitu kwenye kikapu kimoja. Alipokwenda uani kuyafunga aliniachia Bashige. Mtoto hana raha leo — mwili wa moto, kichwa ameniangushia shingoni, ananidondoshea mate kwenye kilemba. Meno, bibi yake amesema, ya nyuma yanaota. Nimembeba mgongoni mpaka akalala.

Kurudi darajani nimenyoosha jeton, kile kikaratasi cha kuvukia, kwa mara ya mwisho kwa muda. Nikasimama katikati kidogo. Maji ya Rusizi chini yanapiga kelele zake. Kila siku ya Mungu ninapita hapa na kila siku nakumbuka asubuhi ile, isipokuwa leo. Leo nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyomjua mlangoni. Nitamwita jina lake lote au nitashindwa?


Jumatatu, 26 Agosti

Tumejaza. Elikia anasoma Kule, anatafsiri, mimi najibu hapa. Ilikuwa raha mwanzoni, kama mchezo. Unabeba nyama? Hapana. Unabeba udongo? Udongo wa nini! Unabeba majani? Tukasema tutaona.

Halafu akauliza: "Maman, mu hizi wiki tatu ulifika mu inchi ingine?"

Nikamwambia, mi sisafirake, unajua.

"Hata Congo?"

"Congo gani tena? Nilivuka tu Bukavu."

Akalisoma tena lile swali kwa lugha ya Kule. Halafu akasema polepole, kama unavyomwamsha mgonjwa: "Maman. Bukavu njo Congo."

Nimekaa chini. Naandika hili bado nikishangaa mwenyewe. Nimezaliwa Bukavu, najua bendera iliyoko juu ya mlingoti, nimepita chini yake maelfu ya mara! Lakini mtu akiniuliza umesafiri, Bukavu haiji. Kusafiri ni begi, ni kuaga, ni kulala kwa watu. Bukavu mtu anavuka. Anavuka na kandambili, anarudi na chumvi. Hakuna hapa Kamembe anayesema nasafiri kwenda Bukavu, watamcheka. Habumugisha mwenyewe, na tai yake na kompyuta mbili, aliandika néant. Na mkewe anauza nyanya Kadutu, hukohuko Bukavu!

Elikia amesoma maandishi ya chini. Ukijibu ndiyo, kwa sababu ya ule ugonjwa, usipande ndege mpaka wiki tatu ziishe tangu siku ya mwisho uliyokuwa huko. Siku ya mwisho ni juzi.

Akasema: "Naandika non. Jeton haionekanake mu pasipoti. Hakuna muntu atajua."

Nikamwambia andika.

Ameandika. Ametuma. Jibu limerudi papo hapo, kimraba cheusi chenye madoa, ndiyo ruhusa. Tumepiga kelele wote wawili. Na nilifurahi, nikiri au nisikiri. Si uongo, nilijiambia, maana kweli sijasafiri.


Jumanne, 27 Agosti

Maman Muderhwa amepiga asubuhi. Bashige ametoka vipele. Usoni, viganjani, hata ndani ya kinywa. Wamemlaza, wamemtenga, yeye anamwona dirishani tu. Wamemwuliza nani alimbeba wiki hii, amewatajia wote, na mimi.

Nimekwenda kituo cha afya. Muuguzi amenikagua viganja, shingo, kinywa. Hakuna kitu. Akasema huenda hakuna, huenda bado. Nijitenge, nijitazame kila asubuhi, nisishike watoto wadogo. Wazee wanapona, amesema, ni wachanga ndio tunaowaogopa.

Nikamwuliza mchanga wa siku ngapi. Akasema wa siku yoyote, Maman.

Begi liko mlangoni limefungwa. Kilemba kile nilikiloweka kwenye sabuni, nikakitoa, nikakichoma.


Jumatano, 28 Agosti

Nimekaa na ile ruhusa mkononi tangu jana. Inafanya kazi! Hakuna wa kunizuia. Kesho asubuhi nipande kile kindege cha Kamembe, Kigali, halafu ile kubwa, halafu nyingine, halafu mlango unafunguka na yeye amesimama pale. Nimejiambia: vipele havijatoka. Nimejiambia: nitafunika mdomo, sitambusu. Miaka ishirini na minane halafu nisimbusu! Nimejiambia mtoto hajazaliwa bado, akizaliwa nitakuwa nimeshajua kama ninao. Nimejiambia mengi, mengine siyaandiki.

Halafu nilifungua kikapu, nikashika yale majani, nikajiona. Kumkanda mzazi si kwa glavu. Unapasha viganja, unamlaza, unamshika tumbo, mgongo, matiti. Mtoto yuko ubavuni pake. Ni viganja hivihivi. Bashige alilala juu ya mgongo huu.

Nimempigia. Nimemwambia siji kesho.

Hakulia. Ningependa alie. Aliuliza kama vipele vimetoka, nikasema hapana. Akauliza, sasa unakosa kuja juu ya nini? Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, na akasema, sauti kavu:

"Ni mara ya pili, Maman. Unavuka, mi nabakia."

Nilitaka kusema sikukuacha, nilivuka tu. Nikasikia lile neno kabla halijatoka, nikalimeza. Amekata.


Alhamisi, 29 Agosti

Ndege imepita juu ya nyumba. Nilikuwa uani nimeshika ufagio. Nimeitazama mpaka ikaingia mawinguni.


Jumapili, 1 Septemba

Sijaenda misa, nimejitenga. Mudathiru ananiwekea maji na mkate kwenye ngazi, anagonga, anarudi nyuma, tunazungumza kwa kupiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili. Kila asubuhi natoka kwenye mwanga, natazama viganja, nyayo, kinywa kwa kioo. Hakuna.

Elikia hajapokea simu. Nimetuma ujumbe, mistari miwili ya bluu, amesoma. Basi.

Jioni milima ya Bukavu imekuwa karibu sana, mvua imeisafisha. Naona mabati ya Muhumba yanang'aa. Sijawahi kukaa muda wote huu bila kuvuka, daraja likiwa wazi. Sasa nalitazama nalichukia, halafu najiambia daraja lina kosa gani.


Alhamisi, 5 Septemba

Mirindi amepiga akiwa kazini, kwa kuiba dakika. Anasema Elikia hali vizuri, analala sebuleni. Anasema nisimchukie. Nimchukie! Nikamwuliza anasema nini juu yangu. Akasita, kijana wa watu, hajui kudanganya. Akasema: "Hasemake kitu. Lakini ile mukaja ya picha, ya njano, aliiweka kwa simu yake, anaitazamaka."

Nililia mpaka Mudathiru akagonga mlango kwa fimbo.


Jumatatu, 9 Septemba

Bashige anapona! Maman Muderhwa anasema makovu yapo, lakini ameanza kudai wali. Asante Mungu, asante, asante.

Viganja vyangu safi.

Habumugisha amekuja kusimama kwenye ngazi, tai shingoni. Amekuja mwenyewe, sikumwita. Ameniambia wiki tatu zinaisha Jumamosi. Viza inakufa Ijumaa inayofuata. Katikati hapo kuna upenyo, amesema, mwembamba, lakini upo. Ataandikia kampuni ya ndege kila siku wanihamishie kiti. Fomu ya kufikia atanijazia ile ya kweli, ya bure, na atajibu kila kitu kama kilivyo. "Safari hii nitakuuliza na Bukavu, na Bugarama, na chooni," amesema. Nimecheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Halafu akawa mpole. Amesema yeye ndiye aliyepaswa kuniuliza vizuri siku ile ya kwanza. Nimemwambia ungeniuliza, ningekujibu vilevile.


Jumamosi, 14 Septemba

Wiki tatu zimeisha. Nimeoga maji ya majani, sehemu kidogo tu, mengine nimeyahifadhi. Muuguzi amenikagua tena, akanishika mkono. Amenishika mkono bila glavu! Nilitaka kumkumbatia.

Nimemwandikia Elikia: niko safi, natafuta kiti. Mstari mmoja tu wa kijivu. Ujumbe haujafika.


Jumapili, 15 Septemba

Amejifungua. Wa kike. Mirindi ametuma picha, kitu chekundu kimekunja uso kama mzee aliyenyimwa pombe. Nimeikuza picha mpaka ikawa madoa. Naona kidevu cha Balagizi, au nataka kukiona.

Nimepiga, Mirindi amepokea, ananong'ona, Elikia amelala. Mambo mazuri, mazuri, lakini ameumia mgongo, tumbo limekaza, na hataki mtu amguse. Muuguzi wa Kule amempa vidonge, akamwambia aoge tu. Aoge tu!

Nikamwambia Mirindi asikilize. Nimemwelekeza sufuria kubwa, taulo nene, chumvi, chumba kisiwe na upepo. Amesema lakini Maman, mi ni mwanaume. Nikamwambia naona, lakini una mikono.

Habumugisha anasema kuna mtu mmoja anasitasita na kiti chake, Jumanne. Akikiachia, kampuni watatupa dakika chache tu za mimi mwenyewe kusema ndiyo, la sivyo wanampa mwingine. Amenikataza kumsumbua kwa simu. "Nikikupigia, ujue kiti kimetoka, pokea papo hapo," amesema. "Nikinyamaza, hakuna."


Jumatatu, 16 Septemba

Asubuhi hapa, jioni Kule. Naandika kwa mkono wa kulia. Simu nimeiegemeza kwenye birika, ili nimwone.

Elikia amepiga mwenyewe. Mwenyewe! Hakunisalimu. Alisema tu, "Maman, inauma," na akageuza simu nione Mirindi amesimama na taulo inayotoa mvuke kama mtu aliyeshika nyoka.

Nikasahau yote. Nikaanza: kamua, si hivyo, kamua kwa nguvu, jaribu kwenye mkono wako kwanza, sasa kiunoni, weka, usipapase, weka na kandamiza! Mirindi jasho linamtoka. Elikia amepiga yowe. Nikamwambia lia, mwanangu, hiyo njo kazi yake, lia. Na amelia. Amelia kilio ambacho si cha mgongo, cha mtoto mdogo, mdomo wazi, mpaka mchanga naye akaamka akaungana naye, na mimi huku, na Mirindi katikati hajui amshike nani. Nilinyoosha mikono. Hivi, mbele ya birika. Sijui nilikuwa nataka kushika nini.

Sasa wametulia. Maji yamepoa, Mirindi amekwenda kuchemsha mengine. Mtoto ananyonya, nausikia mdomo wake, cho cho cho. Elikia amefumba macho. Ndiyo maana naandika, nisiendelee kumwongelesha, apumzike. Ameniambia kitu kimoja tu: "Usikate." Nimemwambia sikati.

Mguu wake umetokea nje ya shuka. Una kidole cha pili kirefu kama changu. Sikuwahi kujua, au nilijua nikasahau.

Habumugisha anapiga.

Jina lake limejaa juu, limeufunika uso wa Elikia mpaka kwenye macho. Kijani na chekundu. Nikigusa kijani, huyu anakatika. Nikimwambia Elikia ngoja kidogo, mama anapokea simu moja, dakika moja tu, narudi sasa hivi —

Dakika moja tu. Narudi sasa hivi. Nimeisoma hiyo sentensi mara mbili.

Elikia amefungua macho. Anauliza, "Maman, uko?"

Niko.

"Nani huyo anapiga?"

Habumugisha bado anapiga.